Fyuzi Katika Soksi

Jumatatu, 22 Machi 1993
Kule mtaa wa Dilala, hapahapa Kolwezi, wanavunja milango ya Bakasai, sisi wenye asili ya Kasai. Vijana wanapita na marungu: rudini kwenu! Kwetu wapi? Mi nimezaliwa Kapata, baba alichimba shaba hapahapa. Josée, mke wangu, analia. Nimemwambia atulie, mumewe Ngeleka ana akili. Tunakaa ghorofa ya kumi, juu kabisa. Lifti ikifa, nani atapanda ngazi zote zile kuja kutufukuza? Aksanti Mungu kwa ngazi ndefu.

Jumanne, 23 Machi
Nimepanda kwenye paa. Kisingizio: kulisha kuku wangu. Kitenge, fundi wa jengo, amewakataza kuku hao tangu Krismasi, eti manyoya yanaingia katika tangi la maji. Roho mbaya tu! Alikuwa katika chumba cha mashine, anapaka grisi nyaya za lifti. Alipogeuka, nikachomoa fyuzi. Hop, ndani ya soksi! Jioni lifti imekufa kabisa. Aksanti vidole vyangu.

Alhamisi, 25 Machi
Kitenge amehangaika na lifti siku nzima. Anafungua, anafunga, anakuna kichwa. Bosi wake amemfokea mbele ya watu, amesema akishindwa atafukuzwa kazi. Kitenge amejibu kwamba haoni lifti imeharibika wapi. Fundi mzima! Nimecheka mpaka Josée akaniziba mdomo.

Jioni hiyohiyo Kitenge amepanda kwa miguu na bidoni, dumu zima la maji, pamoja na bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo. Eti Mado, mke wake, amepika kupita kiasi. Jana pia alipika kupita kiasi. Mwanamke hajui kupima unga! Tumekula mpaka tumelamba vidole. Aksanti Mado.

Jumamosi, 27 Machi
Vijana wako uani! Sauti zao zinapanda kupitia shimo la lifti, nasikia kila neno. Wamemuuliza Kitenge nani anakaa juu. Amesema juu kuna mashine na njiwa tu, lifti imekufa, anayetaka kuhakikisha apande. Nadhani walikuwa wanaangalia ngazi.

Ndipo jogoo wangu akawika. Eh mama!

Kitenge amesema jogoo ni wake, na atakayemgusa atamjua yeye ni nani. Wamekwenda. Josée amepiga magoti. Mi nimebaki na hasira: mtu yule anataka kuniibia jogoo!

Alhamisi, 1 Aprili
Josée amesema basi, hatuwezi kuishi hewani kama ndege. Leo kuna treni ya Kasai. Alfajiri Kitenge amebisha, amesema tuingie katika lifti na magodoro yetu. Lifti gani? Nimeshika soksi. Fyuzi iko! Na lifti ikateremka, laini kabisa.

Kitenge amecheka mpaka akaegemea ukuta. Amesema Tata Ngeleka, ile uliyochomoa ni fyuzi ya taa nyekundu ya kwenye paa, ile ya kuonya marubani wa ndege. Soksi yako ilivimba, nikajua unataka nini. Ya lifti nilichomoa mwenyewe, imelala mfukoni mwangu tangu siku ile.

Kwa hiyo alifokewa kwa ajili yetu. Nimelia palepale, mbele ya mke wangu, na sioni haya. Ametusindikiza hadi gari moshi na rafiki zake wawili, amenishika mkono mpaka treni imeanza kutembea. Aksanti, ndugu yangu Kitenge.

Jumanne, 20 Aprili, Mwene-Ditu, Kasai
Tumefika. Wengi hawakufika. Tunalala katika darasa la misheni, Josée ana homa lakini leo amekula. Aksanti Mungu, mara mia.

Hapa hakuna ghorofa. Kirefu kuliko vyote ni kanisa. Nimemwambia padri kwamba mi ni mtaalamu wa majengo marefu, lifti, taa, kila kitu. Amenipa funguo za mnara!

Fyuzi bado iko katika soksi. Kule Kolwezi taa nyekundu haiwaki, basi lazima siku moja nirudi niiwashe, na Kitenge lazima anisubiri.

Kesho natafuta kuku. Paa la kanisa ni pana, na tangi la maji lililo pembeni yake halina mfuniko.