Mshale wa Fyuzi Uelekee Dodoma

"Wananchi wa Mandewa mnatangaziwa kwamba kusikia vibaya majumbani kumekomeshwa rasmi!"

Tangazo lilipita mitaani juu ya bajaji, kwa kipaza sauti kilichokuwa kinakoroma kama bata mwenye mafua, na watu wengi wakadhani ni chanjo ya kuku. Bwana Sostenes, Mratibu wa Usikivu Bora wa Majumbani, alipofika na mkoba wake alikuta matenga ya kuku yamepangwa kila baraza yanamsubiri. Hakukata tamaa. Mtu wa mikakati havunjwi moyo na kuku.

Mkakati wenyewe ulikuwa mwepesi. Kila amplifaya ina fyuzi, kile kijibomba cha kioo chenye uzi wa waya ndani, ambacho umeme ukizidi kinajiunguza kuokoa mashine. Pale Mandewa fyuzi ikiungua watu walikuwa wanaviringisha ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, wanachomeka, ngoma inaendelea. Idara ya Usikivu huko Dodoma ikagundua kwamba hapo ndipo maendeleo yalipokwama. Ikaleta Fyuzi Bora. Kioo ni kilekile na waya ni uleule, ila ncha zake zimepakwa dhahabu na ubavuni pamechorwa mshale. Mshale sharti uelekee Dodoma, ili sauti ijue inakotoka.

Kwa nyumba nyingi hiyo ilimaanisha amplifaya igeuzwe itazame ukuta. Mzee Abdulazizi akitaka kupunguza sauti alikuwa anapitisha mkono nyuma ya kabati hadi begani, uso umekunjamana, kama mtu anayezalisha ng'ombe. Lakini alipoulizwa kama sauti imeboreka alijibu imeboreka sana, maana alishachoka kuulizwa.

Sostenes naye alikuwa na lake. Aliahidiwa kwamba siku Mandewa yote itakapokiri kusikia tofauti, atahamishiwa makao makuu. Begi alishanunua. Lilikaa mlangoni kwake tayari limefungwa, na kila asubuhi alilifuta vumbi, akaliambia, "Bado kidogo."

Ilibaki nyumba moja tu. Ya mama Mwantum, muuza vitunguu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umerudi tena na bomba lako?"

"Nimerudi na huduma, mama. Tusikilize."

Cha kusikiliza kilikuwa hotuba iliyorekodiwa kwenye kaseti. Awali ilipendekezwa kwaya, Waislamu wakauliza kwa nini isiwe kaswida, vijana wakataka singeli, kikao kikawa vita. Ndipo ikachaguliwa hotuba ya Mheshimiwa Gasto, Mkuu wa Idara, kwa sababu haikumpendeza mtu yeyote, hivyo haikumpendelea mtu.

Sostenes alipiga hotuba kwa karatasi ya sigara, akaipiga tena kwa Fyuzi Bora, mshale Dodoma. "Enhe?"

"Mwanangu, nisikuongopee. Ni yuleyule, na bado hajamaliza."

"Mama, Kifungu cha Nne cha mwongozo wa Idara kinasema: asiyesikia tofauti, tatizo si fyuzi."

Na kweli, kwa mujibu wa Kifungu cha Nne masikio ya Mwantum yalikuwa yameshaoshwa na nesi Yasinta kwa maji ya uvuguvugu na bomba la sindano, mpaka mama wa watu akawa anasikia majirani wakinong'ona mtaa wa pili. Tofauti ya fyuzi, ng'o. Amplifaya yake ikapigwa lakiri mpaka atakapokiri.

"Sostenes, Jumamosi namuoza Hanifa. Unataka bibi harusi aingie kwa kupiga mluzi?"

"Sema umesikia, mama, nifungue sasa hivi. Neno moja tu."

"Neno moja la uongo, halafu nimuombee mwanangu ndoa ya kweli? Kajaribu kwingine."

Sostenes akafanya kosa la watu wenye haraka. Akaandika Dodoma kwamba Mandewa yote imesikia, na Mheshimiwa Gasto akajibu kwamba anakuja kujionea, tena katika nyumba ya mwisho kukiri.

Alikuja. Kiti chenye kitambaa kikawekwa barazani kwa Mwantum, watu wakajaa uani, lakiri ikakatwa. Begi la Sostenes lilikuwa limeshapandishwa nyuma ya gari la Idara. Hotuba ikapigwa kwa karatasi ya sigara. Ikapigwa kwa Fyuzi Bora. Mheshimiwa, aliyekuwa anatikisa kichwa mara zote mbili kwa mazoea, akageuka.

"Mmeshabadilisha? Mbona mimi sijasikia tofauti?"

Kuku wakaacha kudonoa.

"Mheshimiwa anatania," alisema Sostenes, jasho likimtoka hadi viwikoni.

"Sitanii. Nimesema sijasikia."

"Pole sana baba," alisema Mwantum, taratibu, kama anayempa mgonjwa uji. "Tatizo si fyuzi. Yasinta, njoo na maji."

Mheshimiwa akatazama huku na huku. Uani watu walikuwa wametulia kama wanaosubiri matokeo ya mtihani. Kifungu kilikuwa chake, na chini yake palikuwa na saini yake. "Sheria ni sheria," alisema kwa sauti ya kishujaa, akainamisha kichwa.

Yasinta alisukuma bomba. Kwanza hapakutoka kitu. Kisha kilitoka kidonge cheusi ambacho Mzee Abdulazizi alisema kingeziba pancha ya trekta. Sikio la pili likatoa pacha wake. Mheshimiwa alipepesa macho, akasikia upepo, akasikia kuku, akacheka kama mtoto. "Jamani! Rudisheni, nisikilize sasa!"

Sostenes akabonyeza, moyo ukirudi mahali pake.

*Tumejipanga kujipanga, na pale tulipokwisha kujipanga tutaendelea kujipanga, na kujipanga huko...*

Mheshimiwa alisikiliza. Tabasamu likapungua. Akakunja uso.

"Huyu ni nani?"

Watu wakatazama miguu yao.

"Nauliza, ni nani huyu? Anaongea muda wote huu na hajasema kitu! Na mnamvumilia?"

*...hivyo mimi, Gasto, nawaahidi, tumejipanga.*

Paka aliyekuwa chini ya kiti aliona bora aondoke.

"Yasinta, mwanangu," Mheshimiwa alisema hatimaye, kwa upole mwingi. "Pamba unayo?"

"Usizibe, baba," alisema Mwantum. "Kuna upande wa pili."

Mheshimiwa aliingia garini na pamba masikioni, dereva akaondoa gari kabla mlango haujafungwa vizuri. Sostenes alilikimbilia mpaka njia panda, akiita kwamba begi, jamani, begi. Lakini Mheshimiwa hakuwa anasikia tena. Begi likahamia Dodoma.

Jumamosi Hanifa aliingia ukumbini kwa muziki uliotingisha mabati, karatasi ya sigara ikiwa mahali pake. Sostenes alikuwepo, amevaa shati la kuazima la Mzee Abdulazizi, na ndiye aliyebeba spika.