Kuku wa Kaburi Langu Hamwogopi Mtu

Kijiji cha Socoteni,
Tarehe 9 Oktoba

Kwa Mhariri wa jarida la Uga Wetu

Ndugu Mhariri,

Nakuandikia nikiwa mzima wa afya, na hapo hasa ndipo taabu yangu inapoanzia. Mimi ni Leontina Buzatu, mjane wa miaka sabini na tisa, msomaji wa jarida lako tangu lilipokuwa na kurasa nane. Sijawahi kuwalalamikia, hata pale mlipotuambia majivu hufukuza konokono, na konokono wangu wakanenepa. Safari hii nimefika mwisho. Makala yenu ya mwezi wa tatu, "Kifaranga Mwoga na Mkono wa Binadamu", iliyoandikwa na mtaalamu wenu wa mifugo, Mhandisi Minodora Stanciu, imeniharibia mazishi yangu.

Naomba usicheke kabla sijamaliza. Mimi nilicheka mapema, na malipo yake nayaona sasa.

Mwezi wa pili tulimzika Bibi Tudorita. Desturi yetu unaijua, ila ninyi wa mjini huenda mmeanza kuisahau: jeneza likishashushwa, kuku mweusi hupitishwa juu ya kaburi, kutoka mikono ya wafiwa hadi mikono ya mchimba kaburi, ili amtangulie marehemu huko aendako na kumchakuria miiba njiani. Kuku wa Tudorita alikuwa hajawahi kushikwa na mtu tangu aanguliwe. Alipiga mabawa mara moja, akamponyoka mkwe wa marehemu, akatumbukia kaburini, akasimama juu ya jeneza akipiga kelele. Mchimba kaburi akamfuata humo humo. Padri Valerian aliendelea kusoma bila kuinua macho, lakini ndevu zake zilikuwa zikitetemeka. Mimi nilitafuna kitambaa changu cha kichwa mpaka nikakitoboa. Familia ile mpaka leo inaitwa "wale wa kuku".

Nilipofika nyumbani kicheko kikakauka. Daktari wa zahanati alikuwa amekwisha kuniambia kwamba moyo wangu umechoka, na mimi si mtu wa kushtukizwa. Nguo zangu za mwisho zimo sandukuni. Mishumaa ipo. Taulo za wabeba jeneza nimezitarizi mwenyewe, na viatu nimenunua namba moja pungufu kwa kuwa niliona sitatembea sana. Hata msalaba wangu umesimama kando ya msalaba wa mume wangu tangu mwaka 1998, umechongwa jina langu, mwaka wa kuzaliwa, na ile "19" ya mwaka wa kufa, ili kumpunguzia fundi kazi. Karne ikaisha na mimi nipo. Watu wakipita pale hunitazama kama abiria aliyepitiliza kituo. Kilichobaki kilikuwa kuku mmoja tu, mweusi, mtulivu, ambaye hatanitia aibu mbele ya kijiji.

Basi nikanunua vifaranga kumi na wanne kwenye lile gari linalopita na kipaza sauti, nikawaweka kwenye boksi jikoni chini ya balbu, nikavaa miwani na kuifungua makala yenu. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Makala haikusema mtu aishie wapi.

Mhandisi ameandika kwamba siku za kwanza mtu akae tu kando ya boksi, asiguse, asishike, wamzoee. Nikakaa. Ameandika mtu awe chini, usawa wao. Nikashuka sakafuni, na kuinuka ilibidi nimwite jirani yangu Aristita aje kunivuta kama gunia la viazi. Ameandika mkono usitoke juu, kwa maana mwewe hutoka juu, bali ulazwe chini, kiganja wazi, na chembe za ugali na kiini cha yai, kisha mtu asubiri. Hapo nakiri nilipigwa na butwaa kidogo. Miaka sabini na tisa nimefuga kuku, na sikuwahi kufikiri kwamba kwao mimi ni mwewe aliyevaa aproni.

Siku nne walijibanza kwenye kona wakipandana. Siku ya tano mmoja mweusi alikuja, akadonoa, akakimbia. Siku ya saba walikuja wote. Lakini mwisho wa kuzoeana uko ukurasa gani, Ndugu Mhariri? Nimesoma mpaka tangazo la pampu za maji, sikuuona. Leo hii kuku kumi na wanne wanaingia jikoni wakati wa supu, na nikikaa, mapaja yangu huwa na foleni.

2. Makala ilinishauri nizungumze nao bila kunieleza nizungumze nini.

"Kila siku, sauti ile ile, maneno yale yale." Hayo ni maneno ya Mhandisi. Ni rahisi kuyaandika mtu akiwa na watu nyumbani. Tangu Anghel wangu afariki sina mtu wa kumwambia maneno yale yale kila siku, na hili halikunichekesha hata kidogo. Kitu pekee ninachosoma kwa sauti ni daftari langu la marehemu, lile ninalompelekea padri awaombee. Nikawasomea hilo. Anghel, Ruxanda, Pandele, Ilinca, na kuendelea, majina arobaini na sita. Wiki ya pili wakawa hawashtuki tena wakisikia jina la Anghel. Wiki ya tatu walikuwa wakipanda mkono wangu nikifika kwa mama mkwe, Ruxanda, ambaye alipokuwa hai hakuna kiumbe aliyemsogelea kwa hiari.

Matokeo yake yalionekana mwezi wa sita, Jumamosi ya Wafu, siku ya kuwaombea marehemu wote. Makaburi yako nyuma ya uzio wangu. Padri alisoma orodha za watu kwa utulivu mpaka akafika kwenye yangu. Alipotamka Anghel, Ruxanda, Pandele, kuku kumi na wanne wakapita chini ya uzio kwa mbio, wakajipanga mbele yake, vichwa upande, wakisubiri chembe. Mmoja aliingia mzima mzima kwenye sahani ya ngano ya sukari ya kuwakumbukia wafu, iliyoletwa na familia ya meya wa zamani.

Padri alifunga daftari, kidole kikiwa katikati ya kurasa, akanitazama. "Leontina," akasema, "hawa nao ni wa ukoo?"

Nilijibu ndiyo, kwa sababu sikuona jibu jingine. Watu walicheka hata wale wafiwa wapya. Hivyo kabla sijafa nimekwisha kupewa jina kama wale wengine.

3. Kuku mwenyewe ametulia kupita kiasi.

Yule mweusi aliyekuja wa kwanza ndiye niliyemchagua. Sikumpa jina, maana nilijua mwisho wake, lakini nikisema "wewe" yeye huitika na wengine hapana. Mwezi wa nane tulifanya mazoezi. Tuliweka karai la kufulia katikati ya uga, mimi upande huu, Aristita upande ule, tukampitisha juu yake mara kumi na mbili. Mara tatu za kwanza alitazama chini. Baada ya hapo akasinzia.

"Shoga," Aristita akaniambia, "huyu atafika ahera amelala. Miiba utachakura mwenyewe."

Nilimwambia afunge mdomo apokee kuku. Lakini maneno yake yamenikaa. Nilitaka kuku asiyeogopa, sasa ninaye kuku asiyejali chochote isipokuwa paja la mtu.

4. Hili ndilo kubwa, na hapa naomba Mhandisi akae kitako.

Kuku wa kaburi ni haki ya mchimba kaburi. Kwetu mchimba kaburi ni Gherasim, mtu mmoja mrefu, mkimya, anayeishi peke yake mwisho wa barabara ya juu. Watu wakimwona huvuka upande wa pili, ati anawapima urefu kwa macho. Mimi mwenyewe nimewahi kuvuka, na mguu mbovu huu. Mwezi uliopita nilijikaza nikamsimamisha dukani, nikamuuliza yule kuku wa Tudorita aliishia wapi. Akavua kofia.

"Nilimpika, Bibi," akasema. "Alikuwa mgumu."

Sina la kumlaumu. Kuku ni chakula, na mimi nimechinja kuku wengi kuliko siku za Kwaresma. Ila hao wote nilikuwa nawakimbiza kwanza. Walinijua mimi ni nani, na mimi niliwajua, na hakuna aliyemdanganya mwenzake. Huyu nimemfundisha miezi sita kwamba mkono wa binadamu una chembe za ugali. Siku hiyo atanyooshewa mkono wa Gherasim, naye atakwenda mwenyewe, taratibu, kichwa upande, akiniamini mimi niliyemo shimoni. Nimelifikiria jambo hili nikimenya viazi, na nikalia, mtu mzima, juu ya viazi.

Kwa hiyo siwezi kufa. Hilo ndilo lalamiko langu kwa ufupi. Vidonge ambavyo nilikuwa nikivisahau sasa navimeza vyote, asubuhi na jioni. Chumvi nimeacha. Daktari amenipima juzi akanipongeza, nami nikaona aibu kama mtu aliyekamatwa akila kabla ya wageni. Binti yangu Viorica, anayefanya kazi ng'ambo, Torino, alikuwa amejiandaa kuja kunizika kwa heshima, alipopiga simu akasikia napumua vizuri, akaniuliza: "Mama, umepona au umerogwa na kuku?"

5. Nimejaribu kurekebisha mwenyewe, nikashindwa.

Nilivaa koti la marehemu Anghel, nikafunika uso kwa gunia, nikatoka nikigonga sufuria kwa mwiko na kunguruma. Walikuja wote mbio, kwa sababu ya sufuria. Mwanamke wa posta, aliyekuwa getini, ndiye peke yake aliyeogopa, na tangu siku hiyo barua zangu anazitupa juu ya uzio.

Kutokana na hayo, naliomba jarida lako, kwa heshima zote, lifanye moja kati ya mambo haya. Kwanza, lichapishe makala ya pili yenye urefu ule ule kuhusu namna ya kumrudishia kuku woga wake, ukurasa wa mbele, na michoro. Ikishindikana, Mhandisi Stanciu aje Socoteni yeye mwenyewe, awatishe kuku wangu, na chakula cha mchana nitampa. Ikishindikana pia, basi kwa kuwa yeye ndiye chanzo cha yote, siku yangu ikifika apitishwe yeye juu ya kaburi badala ya kuku, kutoka mikono ya Viorica hadi mikono ya Gherasim, halafu anitangulie kuchakura miiba. Nimemuuliza Padri Valerian kama kanisa linaruhusu. Amesema atasoma vitabu, kisha akageuka ukutani, mabega yakicheza.

Sitaki kuomba radhi kutoka kwenu. Nataka nife nikiwa na dhamiri safi na nyaraka zangu zimekamilika, kama nilivyopanga kabla sijaanza kusoma magazeti.

Nisalimie wote ofisini: anayechora majogoo kwenye jalada, ambaye namsifu ingawa majogoo wake wana vidole vitano, anayepanga herufi, mzee wa safu ya nyuki, na mama yake Mhandisi, kama yu hai, mwambie binti yake anaandika vizuri na hilo ndilo tatizo. Aristita naye anasalimu, na anauliza kuhusu konokono.

Wako mwenye malalamiko,
Leontina Buzatu (Mjane wa Anghel)

Baada ya barua: Bahasha hii imekaa mezani siku tatu nikimsubiri yule wa posta asogee karibu. Katika siku hizo Gherasim alikuja. Alisema amesikia nina wasiwasi na kuku, akataka amwone. Alisimama getini, hakuingia mpaka nilipomwambia mara mbili, nadhani hajazoea. Nikamkalisha kwenye benchi. Hata hajakaa sawa, yule mweusi akamrukia mapajani, akajikunja, akafumba macho. Gherasim aliinua mikono yote miwili juu kama mtu aliyekamatwa shambani kwa watu, akabaki hivyo. Akaniuliza kwa sauti ya chini afanye nini. Nikamwambia ashushe mkono polepole, ubavuni, asitokee juu. Akaushusha. Mkono mkubwa ule, Ndugu Mhariri, ulikuwa mwoga kuliko kifaranga yeyote niliyewahi kumwona.

Alikaa mpaka supu ikaiva, naye akala. Alipoinuka akasema, "Bibi Leontina, huyu mimi simpokei." Nikamjibu kwamba hiyo haiko mikononi mwetu, desturi ni desturi, nikifa kuku ni wake. Akazungusha kofia mikononi.

"Basi usife," akasema.

Kesho yake akaja tena, na leo pia, sasa hivi yuko ugani. Kwa hiyo msichapishe chochote, Mhandisi asije kumtisha mtu yeyote hapa. Muulize tu kwa niaba yangu kuku akitunzwa vizuri huishi miaka mingapi. Gherasim anasema alisikia ni minane. Tumeona ni michache.