Njia ya Baiskeli Inayopita kwenye Tanuru la Yolande

Kazi Moja, yaani Jumatatu, tarehe 15 Septemba

Leo Bwana Mungu amenifungulia mlango. Injinia Gaetano, Mwitaliano wa pampu za maji, alisimama pale langoni ninapolinda, juu ya baiskeli yake ya milima. Baiskeli! Tairi nene kama mkono wa mwanamieleka. Lakini haina kengele, haina hata pa kubebea mzigo. Nikamsalimu hivyo hivyo. Mgeni ni mgeni.

Alinionyesha picha katika simu. Kwao, karibu na Roma, wanaendesha kati ya mashamba ya zabibu, juu ya barabara ya mawe ya Warumi wa kale, wanapita chini ya matao ya matofali yaliyokuwa yakibeba maji. Miaka elfu mbili, yangali yamesimama! (Choo changu kina miaka minne, kimeshainama.) Akauliza kama hapa Kolwezi, mji wa migodi, kuna njia nzuri yenye kitu cha kale. Wenzake saba wanataka kutoka siku ya posho, yaani Jumamosi. Ntambwe amekwisha kuwaahidi njia ya ziwa.

Ntambwe! Fundi baiskeli, sauti ya kwanza katika kwaya yetu, mtu anayepiga kengele hata akiwa peke yake barabarani. Mdomo wangu ukatangulia. Nikasema kitu cha kale kipo, na ninakijua mimi.

Kazi Mbili, tarehe 16

Nimezunguka tangu asubuhi. Nimepata kisima cha mapadri, lakini kimeandikwa 1957. Nimepata behewa lenye kutu, ndani kuna mbuzi. Shida ya Kolwezi ni hii: kila kitu cha kale kimeshachimbwa na kuuzwa.

Nikarudi nimechoka, nikapita kando ya mto. Na pale, Mungu wangu! Tanuru la matofali la mke wangu Yolande.

Yolande alilichoma mwezi wa sita. Matofali elfu sita, udongo wa kichuguu, yamepangwa kama nyumba, yamepakwa tope nje. Chini kuna midomo mitatu ya moto. Matao! Yameungua meusi, majani yameota juu. Nilisimama nikaangalia, nikaona Roma kabisa.

Sasa nieleze. Matofali hayo ni ya vyumba viwili vya mama mkwe wangu, Mama Ntumba, aliyetoka Mwene-Ditu mwezi wa saba na analala katika salon, sebule yetu. Kwetu watu wa Kasai, mtu na mama mkwe wake hawaonani hovyo. Kwa hiyo miezi miwili sasa ninaingia nyumbani kwa dirisha la jikoni. Jana nilikwama. Yeye haniambii kitu mimi, anamwambia binti yake. Nikamsikia ndani: "Yolande, uambie bwana yako, dirisha iko kidogo, tumbo iko mukubwa."

Fundi Tshilombo anaanza ukuta wiki ijayo, kabla ya mvua. Matofali yataondoka. Lakini siku ya posho bado yatakuwepo! Kuangalia hakumalizi tofali.

Kazi Ine, tarehe 18

Nimepima njia. Nzuri ajabu. Unapanda kilima, miti imetoa majani mapya mekundu kama shaba iliyosuguliwa, unaona Lualaba mbali inang'aa, unavuka daraja la zamani la reli, unashuka hadi mtoni. Nilishuka haraka kuliko nilivyokusudia. Baiskeli yangu breki yake ni kandambili, na kandambili imekatika. Goti limechubuka. Bwana asifiwe, meno yote yapo.

Nimeomba kuhusu uongo. Mimi ni mkatekista, siwezi kudanganya. Nimeona mwanga: sitasema mwaka wowote. Nitasema bankambo walituachia. Na ni kweli! Kuchoma matofali nani alitufundisha kama si babu zetu? Kisha nikalimwagia tanuru maji ya mihogo, ili ukungu uote. Huo si uongo. Huo ni usafi wa namna nyingine.

Siku ya Posho, tarehe 20

Utukufu! Walikuja wanane, wamevaa kaptura za kubana ambazo mama wa kanisa wasingepaswa kuziona. Walifurahia kilima, wakapiga picha majani. Mbele ya tanuru Gaetano akashuka, akavua kofia. Akapiga magoti mbele ya midomo ya moto! Akauliza ni wafua shaba wa zamani? Nikasema bankambo walituachia moto huu. Akauliza ni wa miaka mingapi. Nikaangalia juu mbinguni, nikatikisa kichwa polepole. Akaandika katika simu: mamia.

Mimi sikusema mamia. Simu yake ndiyo ilisema.

Ntambwe alikuwa ametufuata nyuma. Akauliza kwa sauti mbona bankambo walikuwa na tope bichi hivi. Nikamwambia wivu ni dhambi, nikamtajia na mlango wa Maandiko.

Siku ya Mungu, tarehe 21

Baada ya misa shefu wa mtaa alinishika mkono mbele ya watu. Gaetano amemwandikia rafiki yake, profesa wa Lubumbashi. Profesa anakuja kazi tano. Shefu amekwisha kuzungusha kamba na kuweka kijana mwenye fimbo: mtu asiguse hata tofali moja. Aliniita "tata wa historia", yaani baba wa historia. Wamama wakapiga vigelegele.

Yolande alikuwa amebaki nyumbani, anampikia mama yake. Nitamwambia kesho.

Kazi Mbili, tarehe 23

Sikumwambia jana. Leo alijionea mwenyewe. Alikwenda mtoni na fundi Tshilombo na mkokoteni, wakakuta kamba. Yolande akasema tanuru ni lake, alikanyaga udongo ule kwa miguu yake. Shefu akamjibu kwamba mume wake mwenyewe, mkatekista, ameshuhudia ni la bankambo. Mama mwenye nyumba atalipinga neno la mkatekista? Tshilombo akarudisha mkokoteni. Alisema: "Mama, mi niko maçon, fundi ya ukuta, siko mwizi ya bitu ya serikali."

Yolande alisimama katikati ya jikoni, mwiko mkononi. "Mi niliomba Mungu anipatie bwana," akasema, "akanipatia sinema!"

Nimepata dawa. Alfajiri nitatoa matofali kidogo kidogo, ndani ya gunia la makala, yaani mkaa. Elfu sita, thelathini kila safari. Safari mia mbili tu.

Kazi Tatu, tarehe 24

Safari moja. Ntambwe alikuwa mtoni anapima kamba, eti anasaidia shefu. Akafungua gunia langu. Akaimba, kweli aliimba, kwa sauti ya kwanza: "Tata wa historia anaiba historia!" Nimerudisha matofali thelathini, watu wakihesabu pamoja nami.

Mchana mvua ya kwanza. Imetangulia! Bati letu linavuja mahali pamoja tu, na mahali hapo ni juu ya kitanda cha Mama Ntumba. Kitanda kimehamia chumbani kwetu. Mimi niko jikoni na sufuria.

Kazi Ine, tarehe 25

Mama Ntumba amefunga mzigo wake. Amemwambia Yolande kwamba mwanamke anayelala katika chumba cha mkwe wake hana haya tena. Afadhali arudi Mwene-Ditu kwa treni, kule ambako hana mtu tangu mdogo wake azikwe. Niliyasikia yote kupitia ukuta. Hakulalamika. Alikuwa anatafuta kamba ya kufungia godoro.

Yolande hakunitukana. Hiyo ndiyo iliyonitisha. Alikuwa anachambua mboga, na machozi yanaingia katika mboga.

Nimeomba mwanga mwingine. Haukuja. Umekuja ule wa siku zote tu, wa kusema kweli, ule nisioutaka.

Kazi Tano, tarehe 26

Nimesema.

Mbele ya profesa, shefu, Gaetano, Ntambwe, kwaya nzima. Nilitaka kuanza na zaburi, nikaiacha. Nikasema tanuru ni la Yolande, la nyumba ya mama yake, limechomwa mwezi wa sita, na ukungu ni maji ya mihogo. Profesa alikuwa ameshajua. Alikuwa amechomoa tofali lenye kifuniko cha bia ndani. Alikuwa ananingojea kwa adabu tu.

Shefu alifungua kamba bila kuniangalia. Gaetano aligonga tofali kwa kidole. Kisha akasema kijijini kwao babu yake alijenga zizi la nguruwe kwa mawe ya Warumi, na nguruwe hawakulalamika. Akauliza nyumba ya mama inahitaji matofali lini.

Siku ya Posho, tarehe 27

Baiskeli nane za milima! Na hakuna moja yenye pa kubebea. Walibeba matofali mawili mawili ndani ya mifuko ya mgongoni, wakihema. Ntambwe na baiskeli yake ya makala alibeba sitini kila safari, akipiga kengele kila kona. Hadi jioni yalikuwa yamefika ya kutosha kuanza ukuta. Mama Ntumba amefungua mzigo wake.

Yolande alichinja kuku. Firigisi ni ya mwenye nyumba, kila mtu anajua. Alichukua firigisi, akapita mbele yangu, akaiweka katika sahani ya Ntambwe. Mbele ya wote. Ntambwe aliitafuna polepole, macho amefumba.

Nimestahili. Nimemwahidi Mungu, nimemwahidi Yolande, nimeapa: basi!

Kazi Moja, tarehe 29

Ukuta umefika kiunoni. Mvua kubwa jana. Nilipita mtoni kushukuru tu, kwa moyo safi.

Shimo ambamo Yolande alitoa udongo limejaa maji. Kubwa! Pembe zake zimenyooka, kuna ngazi alizochonga kwa jembe. Juzi kwenye chakula Gaetano alitueleza kwamba Warumi walikuwa wanaoga pamoja, wakubwa na wadogo, katika mabwawa yenye ngazi.

Sitasema ni la kale. Nimeapa. Nitapitisha tu njia hapo, na kama mtu atavua kofia, ni kofia yake.