Watoto Tisa wa Patrick Mulroney

Leo nimeumbuka, jamani. Hata viatu sijavua, nawaandikia nikiwa jikoni hapa Troyeville, Johannesburg.

Mama mkwe wangu mnamjua. Mzaliwa wa Jozi, Mkatoliki wa misa ya kila asubuhi, na tangu nimuoe binti yake hajawahi kunichekea hata kwa bahati mbaya. Babu yake, Patrick Mulroney, alikuwa Mwairishi aliyekuja kuchimba dhahabu. Ijumaa mama anahamia Durban kwa mwanawe, na ombi lake lilikuwa moja tu: alione kaburi la babu. Nikasema, hapa ndipo nitakapopata heshima yangu.

Miezi mitatu nimepekua madaftari! Kwenye meli ameandikwa Mulrooney. Mgodini, Malroney. Kanisani, Mulruny. Makarani wale walikuwa wanaandika kwa kisigino? Na kila Mwairishi ni Patrick! Mwishowe nikampata Patrick Mulroney mmoja kwenye orodha ya makaburi. Nikasema ndiye. (Nilishachoka. Hata angekuwa Mulokozi ningemchukua.)

Asubuhi tukaenda mimi, mama mkwe, na jirani yangu Mama Furaha, msusi kutoka Bukavu, aliyekuja kunisaidia vigelegele. Maana kwetu mkwe haendi kaburini kwa wakubwa kimya kimya. Unapiga magoti, unajitambulisha, unamsifu marehemu kwa uzao wake. Kwa sauti!

Jiwe lilikuwa limejaa ukoga, jina tu ndilo lililosomeka. Misalaba ya majirani zake yote ilifanana. Nikawaza, kumbe Wairishi wanapendana hivi!

Nikapiga magoti. "Babu Patrick! Ni mimi, mkweo! Wewe, baba wa watoto tisa! Mwanamume uliyeoa mara mbili!" (Kwa Kiingereza, ili mama asikie.) Mama Furaha akapiga vigelegele. Mama mkwe akaanza kulia. Nilipoona machozi, nikazidisha sauti.

Mtu akakohoa nyuma yangu. Watawa wawili, wazee, wameshika ndoo na brashi.

"Mwanangu, unamjua huyu?" akauliza mmoja.

"Ndiye babu yetu!"

"Huyu ni padri wetu. Safu hii yote ni mapadri."

Eish! Mama Furaha alikuwa ameshaanza kigelegele kingine. Kikamfia mdomoni.

"Watoto tisa?" akauliza mtawa wa pili, taratibu.

Mama mkwe akafanya ishara ya msalaba. "Umemzalisha padri!"

Nikapewa brashi nisugue jiwe. Nikasugua. Likatokea neno "Padri", herufi kubwa kubwa, lilikuwa limejificha chini ya ukoga muda wote likinisubiri mimi.

Tukapanda gari kurudi nyumbani. Tulipokwama kwenye robot, yaani taa za barabarani, zimewaka nyekundu, nikaona mabega ya mama mkwe yanatikisika. Nikajua nimemliza tena, basi, ndoa imekwisha. Kumbe anacheka! Anacheka mpaka akavua miwani.

"Kesho tutafute tena, mwanangu," akasema. Mwanangu! Mimi! "Ila safari hii, uliza kwanza kama alioa."