Dinamo ya Sajini Santo

Jumatatu, 2 Agosti 1976
Mteja! Wa kwanza tangu Juni. Sajini Santo wa kambi ya jeshi ya Mbuya kaja na pikipiki ya Kiingereza, kuukuu kuliko mimi. Injini nzima, taa haziwaki: dinamo imekufa. Jumamosi anakwenda nayo kwa wakwe zake na hataki kufika gizani. Nikamwambia dinamo ndiyo kazi niliyokulia. Uongo mtupu. Kabla Wahindi hawajafukuzwa nami kugawiwa karakana hii, nilikuwa nauza udi na marashi. Kamati ya kugawa maduka yao iliuliza nani fundi umeme, nikanyoosha mkono. Nani asingenyoosha?

Sajini hakuzunguka. “Fundi, Jumamosi taa hapana waka, duka hii napewa mutu ingine.” Nikacheka. Alipoondoka nikakaa chini.

“Mutu ingine” namjua. Ni Farouk, jirani wa mlango wa pili, aliyemfanyia kazi mwenye duka wa zamani miaka kumi na mmoja. Ananingojea niteleze.

Jumanne, 3 Agosti
Nimefungua dinamo. Masizi matupu! Kaboni za kupitishia umeme zimelika zimebaki kama kucha. Vipuri havipatikani mji mzima, basi nikapasua betri za tochi, nikatoa vile vijiti vyeusi, nikavichonga kwa tupa. Vimekaa sawasawa. Kipaji!

Farouk kapita, eti pikipiki hizi za zamani waya wa chanya ndio unaofungwa kwenye bodi. Msaada wa bure kutoka kwa mtu anayelitaka duka langu? Nikafunga hasi kwenye bodi papo hapo.

Jumatano, 4 Agosti
Siku kubwa! Nimeunganisha dinamo na betri kuijaribu. Ikazunguka yenyewe! Bila injini, bila petroli! Na vituo vyote vya petroli vimekauka, watu wanalala kwenye foleni. Hesabu yangu: betri inazungusha dinamo, dinamo inajaza betri, pikipiki inakwenda mpaka Kiyama. Mke wangu Mahfudha kauliza hiyo nguvu inatoka wapi sasa. Nikamwambia, “Mama Naila, haya ni mambo ya kitaalamu.” Akarudi jikoni akinong'ona.

Alhamisi, 5 Agosti
Petroli ya nini tena? Nimemwaga yote iliyokuwa kwenye tangi, lita tatu, nikampelekea Bi Hindu, auzaye kila kisichopatikana. Kanipa kilo mbili za sukari. Sukari! Tumekunywa chai mara nne. Mahfudha kaniita mume wake kwa sauti nzuri, jambo la nadra.

Ijumaa, 6 Agosti
Majaribio baada ya swala. Nimekishuka kilima cha Old Kampala kwa kasi ya ajabu, shati linapepea, watu wanapisha. Nilipiga takbira! Chini kwenye tambarare ikasimama. Nikabonyeza kila kitu. Moshi. Waya zikaungua, betri ikachemka. Nikaisukuma kupanda kilima huku nasalimia watu, kana kwamba nimependa mwenyewe kuitembeza.

Nimeogopa leo. Kweli nimeogopa. Watu wamepotea kwa makosa madogo kuliko lita tatu za sajini.

Mahfudha hakuniuliza. Kamwita Farouk. Kaja na waya zake na betri yake, akafunga chanya kwenye bodi, akagusisha waya wa dinamo kwenye betri mara moja tu kuiamsha, cheche ikaruka, basi. Saa nzima haikufika. Hakutaka kitu, ila nimwambie sajini kazi ni ya nani. Nikaapa. Bi Hindu naye, nilipomrudishia sukari, kaona imepungua, akadai saa yangu ya ukutani juu yake ndipo arudishe petroli. Mnyang'anyi!

Jumamosi, 7 Agosti
Sajini kapiga kiki, taa ikawaka hadi ukuta wa pili. Akauliza nani katengeneza. Farouk alikuwa amesimama pale pale. Nikafungua kinywa niseme kweli. Kikasema mimi, na kwamba jirani huyu alinishikia spana.

Sajini kanikumbatia. “Wewe iko fundi ya kabisa!” Jumatatu gari la jeshi litanichukua: jenereta kubwa ya Mbuya imekufa na wakubwa wanakaa gizani. Sikuulizwa kama nina nafasi.

Jumapili, 8 Agosti
Mahfudha analia, anataka nimwangukie Farouk miguuni. Haikuhitajika! Kaja mwenyewe, mpole, kajitolea kuniangalizia duka nikiwa Mbuya. Kanisainisha karatasi ya duka mbele ya mashahidi wawili, eti ni desturi tu. Sikuisoma, nilikuwa na haraka ya kuchora jenereta. Maana kosa la Ijumaa nimeligundua: dinamo ilikuwa ndogo mno.