Wafuasi Wangu Watano

Jumatatu, 4 Mei
Mdahalo wa darasa la mawasiliano umehamia mtandaoni. Hoja: simu zimetuleta karibu. Mimi naunga mkono. Anayepinga ni Kamusi, yule dada wa dawati la mbele mwenye jibu la kila kitu. Somo hili nilifeli mwaka jana. Nikifeli tena, chuo kinanitoa. Alama zinakwenda kwa atakayevuta watu wengi. Alafu nani wa kunifuata mimi? Nimefungua akaunti tano. Kichwa kinachemka leo!

Jumatano, 6 Mei
Wafuasi wanachapa kazi. Mwalimu mstaafu ananipongeza, dereva anampongeza mwalimu. Anayependwa zaidi ni Mama Pacha, muuguzi anayelea wanawe kwa simu. Hata mimi namheshimu. Kamusi amemwandikia faraghani: hajazungumza na baba yake miaka miwili, hajui pa kuanzia. Mama Pacha akajibu: "Pole mwanangu. Mpigie tu. Alafu sema shikamoo, mengine yatakuja." Sijawahi kumwambia mtu neno jema namna ile. Nimemwonea wivu Mama Pacha.

Ijumaa, 8 Mei
Yamenikuta! Mhadhiri kaniita ofisini. Kumbe watu wangu wote watano, mwalimu mstaafu akiwemo, wanaandika "alafu" bila h. Akatoa mtihani wangu wa mwaka jana: "alafu" kumi na tisa. Kamusi alikuwepo. Alikuwa ameshampigia baba yake, na baba alipokea. Akaniuliza taratibu, "Lile neno la shikamoo lilikuwa lako?"
Nikasema la Mama Pacha.
Mhadhiri kanipa nafasi ya mwisho: Jumatatu nimwombe Kamusi radhi uso kwa uso, dakika kumi, bila simu.

Jumatatu, 11 Mei
Viti viwili, saa ya ukutani. Nilitaka kusema naona aibu, na kwamba nimefurahi baba yake alipokea. Badala yake nikazungumzia mvua. Kamusi alisubiri dakika zote kumi, akachukua mkoba wake, akaondoka. Sifuri. Imeniuma kweli.
Lakini lazima ajue. Nimefungua akaunti mpya: Baba Pacha, mume wa marehemu Mama Pacha. Safari hii hawanishiki, nimeweka h kila mahali: "Halafu, binti, yule kijana hana aibu kwa yale haliyofanya."
Nimetuma. Sasa atanielewa.