Kesi Yangu ya Hospitali Imeishia kwenye Spika za Kanisa

Jamani, leo nimeaibika mpaka masikio bado yana moto. Na asubuhi niliamka na furaha!

Mnajua mimi ni karani wa kituo cha kununulia chai, hapa upande wa Kapsoit. Wakulima wanaleta majani, napima, lori ya kiwanda inabeba. Mnajua pia kwamba Jumamosi wazee wangu wanatoka upande wa ziwa kuja kuniposea Chelangat kwao. Koito yenyewe, sherehe ya posa!

Msichokijua ni kwa nini huwa sikai. (Sasa mtajua. Kata nzima inajua.) Nina bawasiri. Nilitibiwa kwenye hospitali moja ya binafsi, kimya kimya. Hata Chelangat nilimwambia naenda kuangaliwa mgongo. Nani anataka mama mkwe aanze kumjua upande huo?

Wiki hii stori ikaenea: kompyuta za hospitali hiyo zimeingiliwa, habari za wagonjwa zimetoka nje! Nikaona faili yangu ikipanda Bomet, ikishuka Soin, halafu ikiingia kwenye simu ya mama Chelangat siku moja kabla ya koito. Kumbe kuna wakili anakuja leo kuwaeleza wagonjwa haki zao, tena kwenye kanisa linaloangaliana na kituo changu! Nilijiona tayari mahakamani, nimevaa tai, jaji ananionea huruma.

Wakati wa mkutano ukafika, lori haijafika. Nikawaambia wakulima, "Ngojeni kidogo, nakuja sasa hivi." Wakajikalia juu ya magunia. Mama Chelangat mwenyewe alikuwa hapo na majani yake.

"Enda tu, kijana yangu," akasema. "Lakini usikawie, majani itachomeka ndani ya magunia."

Niliingia nimechelewa. Wakili Cherotich, mama mwembamba mwenye sauti ya mwalimu, alikuwa katikati ya maneno. Na kanisa limejaa wanawake! Wanaume tulikuwa mimi na Mzee Bii, mzee wa kanisa. Nikasikitika. Nikasema moyoni, wanaume wa hapa hawajali haki zao kabisa. (Nilijivuna. Mungu ananiona.)

Nikaegemea ukuta, nikasikiliza. Yule mama anajua sheria! Kumbe una haki ya kuidai hospitali ikuambie ni nini hasa kilichotoka. Kumbe unaweza kupeleka malalamiko kwa ofisi ya serikali inayolinda data za watu, hata bila wakili, na ofisi hiyo inaweza kuamuru ulipwe fidia. Mahakama pia iko, na mnaweza kushtaki mkiwa wengi. Tena si lazima uwe umeibiwa kitu. Hata wasiwasi na fedheha ni madhara, mradi uonyeshe yametokana na kule kuvuja.

"Meseji za ajabu mkipata, msifute," akasema. "Hiyo ndiyo ushahidi yenu."

Niliwaka! Kila akimaliza sentensi naitikia "Amina!" peke yangu.

Kisha akauliza, "Nani yuko tayari kutangulia kwa hii kesi, wengine wafuate?"

Wanawake wakaangalia sakafu. Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajafunga mdomo.

Sasa, wakili alikuwa amekataa maiki tangu mwanzo, kwa sababu mambo yenyewe ni ya siri. (Hilo niliambiwa baadaye, wakati halinisaidii tena.) Kukataliwa kwa maiki kulimuuma sana Mzee Bii, maana kwake mkutano bila maiki si mkutano. Aliponiona nimejitokeza akawasha mitambo, akaniletea maiki mbio.

"Salimia watu wa Mungu kwanza," akaninong'oneza.

Hapo ndipo nilipoharibikiwa. Mtu wa kwetu ukimpa maiki ndani ya kanisa, hajui kutoa kitu kingine ila ushuhuda.

"Bwana asifiwe!"

"Amina!"

"Bwana asifiwe tena!"

"Amina!"

"Naitwa Odhiambo, karani wa kituo cha chai hapo ng'ambo. Nimeokoka."

Wakili akanipungia mkono. "Bwana Odhiambo, usitaje ugonj—" Spika zikammeza. Mimi nilidhani ananitia moyo!

Nikamwaga yote. Bawasiri, nikaitaja kwa jina. Damu. Lile beseni la maji ya vuguvugu jioni. Jinsi daktari alivyoniambia nigeuke nitazame ukuta. Jinsi ninavyolala kwa tumbo. Nilisema kwa hisia, jamani, mpaka sauti ikakatika. Nikamalizia, "Na leo siri yangu iko nje! Nani atanirudishia heshima yangu?"

Mama mmoja alikuwa ameziba mdomo kwa leso, mabega yanatetemeka. Nikafikiri analia.

"Hospitali ilikutumia meseji?" wakili akauliza polepole.

"Hapana. Lakini kuna mtu alinitumia kwamba nimeshinda gari."

"Hiyo kila Mkenya anapata. Bwana Odhiambo, rekodi zenye zilitoka ni za kliniki ya wajawazito peke yake. Ndiyo unaona hawa mama hapa. Wewe ulikuwa na mimba?"

Kanisa likalipuka. Mzee Bii akashika nguzo.

"Kwa hivyo faili yangu..."

"Ilikuwa salama kabisa. Mpaka saa hii."

Nikamuuliza kama bado kuna mtu ninayeweza kushtaki. (Nilikuwa nimechanganyikiwa, nisameheni.)

"Data ni yako, mdomo ni wako," akasema. "Sheria haijafika huko."

Nikatoka nikijifariji. Angalau ni hao wamama tu waliosikia. Nikainua macho. Juu ya paa la kanisa kuna spika kubwa ya mdomo mpana. Imeelekezwa wapi? Kituoni kwangu! Na lori bado haijafika, kwa hivyo watu hawakuwa na kazi nyingine ila kusikiliza.

Nilivuka barabara nikitamani ardhi ipasuke. Wakulima wote wameinamia magunia yao, wanapanga majani ambayo yamepangika. Mama Chelangat peke yake ndiye aliyesimama akanitazama usoni.

"Kijana yangu," akasema, "kila ukikuja kwetu nakupatia kiti, unakataa. Maziwa yangu ya mursik unakunywa ukisimama mlangoni kama mtu anataka kutoroka. Mzee wangu alikasirika. Alisema unatudharau. Jumamosi alikuwa anarudisha wazee wako bila kitu."

Ningekufa na hiyo siri, na ningemkosa Chelangat!

"Sasa nimempigia," akaendelea, kwa sauti iliyofika hadi mwisho wa foleni. "Nimemwambia si dharau. Ni hapo nyuma tu ndipo kunauma. Amesema pole. Amesema pia ataeleza wazee wote mapema, wasikulazimishe kukaa."

Basi mke nimepata. Heshima ndiyo sijui nikaiombe ofisi gani. Na wewe unayesoma hii ukicheka umejikalia vizuri kwenye kiti chako, tafadhali, kukaa ni baraka.